Maabara Isiyo na Udongo

Jopo la ithibati lilipokaribia kuja, chuo kizima kiliacha kufundisha ili kijiandae kuonyesha jinsi kinavyofundisha. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Madarasa yalifungwa yapakwe rangi. Wahadhiri waliitwa kikaoni asubuhi, wakaitwa tena mchana kukumbushwa yaliyosemwa asubuhi. Walinzi wa getini, watu wazima wenye wajukuu, walikaririshwa Dira ya Chuo neno kwa neno kama watoto wa chekechea, maana ilisemekana mkaguzi anaweza kumkamata mtu yeyote njiani akamuuliza, "Dira yenu inasemaje?" Mlinzi mmoja aliikariri mpaka akawa anaitoa hata anaposalimiwa.

Aliyekereka kuliko wote alikuwa mkuu wa idara ya sayansi ya udongo, mama mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. Wanafunzi walimwita Mama Udongo mbele ya uso wake, na yeye akaitika. Programu yake ndiyo iliyokuwa ikikaguliwa safari hii. Ithibati ikiendelezwa, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wangehitimu na wapya wangepokelewa. Ikikataliwa, mlango ungefungwa, na hao wa mwaka wa mwisho shahada zao zisingetambuliwa popote. Wangehamishiwa chuo kingine wakaanze mazoezi ya vitendo upya, kama vile hawajawahi kusoma. Na mmoja wao alikuwa binti wa dada yake, aliyemlea tangu dada alipoanza kuugua, msichana wa miguu mirefu asiyejua kukaa. Nyumbani walimwita Kiguu, kwa sababu tangu mtoto alikuwa kiguu na njia.

Hata hivyo Mama Udongo hakuogopa ukaguzi. Kilichomkera ni maigizo. Ukaguzi wenyewe aliungoja kwa hamu, maana alikuwa na maabara.

Si kwamba ilikuwa nzuri. Dari ilikuwa na madoa ya mvua za miaka mingi, na mlango ulifunguliwa kwa kupigwa teke. Lakini ukiingia, ulijua mara moja watu hapa wanafanya kazi. Mezani kulitandazwa magazeti ya zamani, na juu yake udongo ukianikwa: mwekundu, mweusi, wa kijivu, wa mfinyanzi, wa kichanga. Pembeni vinu vya kuutwangia, machekeche ya kuuchekechea, mizani. Na ukutani, toka sakafuni mpaka darini, makopo. Makopo ya maziwa ya unga, mitungi ya jamu, ndoo za rangi, mifuko ya nailoni iliyofungwa kwa kamba. Kila kopo lilikuwa na udongo wa shamba fulani, na kibandiko cha kusema umechimbwa wapi, kina gani, msimu gani. Mashamba yale yale yalichimbwa kila mwaka tangu programu ianze, ili mtu aone udongo unavyochoka na unavyopona. Rafu ya chini, karibu na dirisha, ilikuwa ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Mradi wa kila mmoja ulikuwa mle. Kiguu alikuwa ametembea shamba kwa shamba, kiangazi na masika, jembe begani na mfuko mgongoni, mpaka mabega yakachubuka. Alikuwa bado hajapima hata nusu ya sampuli zake.

Maabara ilikuwa chafu, lakini uchafu wake ulikuwa na mpangilio. Mama Udongo alisema, "Waje tu. Watavuta pumzi, watapiga chafya, watajua tunafundisha."

Basi mwisho wa juma kabla ya jopo kufika, akachukua likizo fupi kwenda kumjulia hali dada yake. Funguo akaziacha kwa walinzi, kama utaratibu wa chuo unavyotaka. Jumatatu alipousukuma mlango wa maabara kwa teke, kama kawaida, ulifunguka kwa ulaini mpaka nusura aanguke. Ulikuwa umetiwa bawaba mpya.

Ndani kulinukia maua ya kwenye kopo la kupuliza. Kuta nyeupe pe. Meza zinang'aa. Rafu zimepangwa bilauri mpya za kioo, nyingine bado zina karatasi ya dukani. Machekeche mapya, ambayo hayajawahi kuona chembe ya mchanga, yametundikwa kwa kufuata ukubwa. Makopo hayapo. Hata moja.

Alisimama pale akashika kiuno. Kisha akashika kichwa. Kisha akapiga ukelele uliomleta msimamizi wa usafi mbio, ufagio mkononi.

"Makopo yangu yako wapi?"

"Yale mabovu? Tumeyatupa, mama. Naibu mkuu wa chuo alisema takataka zote zitoke."

"Na udongo? Udongo uliokuwamo ndani?"

Hapo msimamizi akatabasamu, akidhani anatoa habari njema. "Huo hatukuutupa, mama. Ulikuwa mzuri mno. Tumeumwaga kwenye bustani mpya ya pale getini, tukapanda maua. Hukuyaona ulipokuwa unaingia?"

Alikuwa ameyaona. Alikuwa hata ameyasifu moyoni. Akarudi getini karibu anakimbia, mkoba unampiga ubavuni, akafika akapiga magoti mbele ya maua ya manjano akachota udongo kwa viganja vyote viwili. Mwekundu na mweusi na wa kijivu, wa bondeni na wa kilimani, wa mwaka huu na wa miaka ya nyuma, wote umekorogwa na samadi na kumwagiliwa maji. Maji yakishamwagika hayazoleki, na udongo nao ukishachanganyika ni hivyo hivyo. Mlinzi alipomwona amepiga magoti, akasimama wima akaanza kumsomea Dira ya Chuo.

"Nyamaza wee!" Mama Udongo alimkemea, naye akanyamaza katikati ya neno.

Akaenda moja kwa moja ofisini kwa naibu mkuu wa chuo, yule wa mipango. Watu walimwita Bwana Mkakati. Huyo hakuwa na jambo ambalo si la kimkakati. Hata likizo ya uzazi ya katibu wake aliiita pengo la kimkakati. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesoma uchumi, akaupenda usafi, na akausoma mwongozo wa ukaguzi mahali palipoandikwa kwamba maabara iwe safi na salama. Basi. Akaishia hapo.

"Umeniulia maabara," Mama Udongo alimwambia kabla hajaketi.

"Nimeiokoa, mama. Wewe mwenyewe umeiona? Inafanana na za vyuo vya nje."

"Ni maabara ya udongo! Haina udongo! Umewahi kuona wapi bucha lisilo na nyama likasifiwa kwa usafi?"

Akamweleza. Alimweleza taratibu, kwa sauti ya mtu anayejizuia kupiga meza, sampuli ni nini, mradi wa mwaka wa mwisho ni nini, na kwamba kile alichokiona ni takataka ndicho walichokuwa wanakwenda kukionyesha. Bwana Mkakati alibadilika rangi. Ikadhihirika kwamba hakuwa anajua. Akanyanyuka, akafunga mlango, akakaa tena.

"Sikia," alisema, na kwa mara ya kwanza hakulitumia lile neno lake. "Tukisema tumezitupa, wataandika tumeharibu ushahidi. Hawataandika bahati mbaya. Wataandika tumeharibu. Na hapo programu imekwisha, papo hapo. Funika kombe mwanaharamu apite. Waone maabara nzuri, waondoke, watupe ithibati, halafu wewe ukusanye udongo mwingine polepole. Udongo uko kila mahali, au sivyo?"

Alitaka kumwambia kwamba udongo wa mwaka jana hauko kila mahali, hauko popote tena. Alitaka kumwambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini akamwona Kiguu na wenzake wakihamishwa chuo kwa sentensi moja itakayotoka mdomoni mwake yeye, mwalimu wao. Akaogopa. Ndiyo, huyu mama wa sauti kubwa aliogopa, na woga ukajifanya busara. Akatoka mle ofisini akiwa na karatasi aliyopewa, yenye jibu ambalo wanafunzi wangelitoa wakiulizwa juu ya maabara: "Maabara yetu ni safi, ya kisasa, na inakidhi mahitaji ya soko."

Akawakusanya wanafunzi wake darasani, akawakaririsha. Yeye, aliyekereka na maigizo ya walinzi! Wakarudia kwa pamoja, wengine wakichekea viganjani. Kiguu peke yake hakucheka wala hakurudia. Alikuwa ameketi nyuma, mikono kifuani, midomo ameibana.

Nyumbani, jioni ile, alilipuka wakati wanamenya viazi.

"Mama mdogo, udongo wangu umeota maua. Nimepita pale getini, kuna mtu anajipiga picha."

"Najua, mwanangu."

"Unajua! Na unataka niseme maabara ni safi? Ni safi kwa sababu wametumwaga nje! Mimi wakiniuliza nitawaambia. Nitawapeleka pale getini niwaonyeshe."

"Hutawapeleka popote." Mama Udongo aliweka kisu chini. "Nisikilize. Ukisema hilo, hamhitimu. Si wewe peke yako, wote. Mama yako anangoja kukuona ukivaa joho, hajui kama atauona mwaka mwingine. Hili ni la siku mbili tu. Uninyamazie siku mbili."

"Wewe ndiye uliyetufundisha tusiandike tusichokipima."

"Nimekwambia unyamaze!"

Kiguu alimtazama, akaokota kiazi kingine akaendelea kukimenya. "Haya, mama mdogo," alisema. "Wewe ndiye mkubwa." Wakala wamenuna, na vyombo vikaoshwa kwa kelele kuliko ilivyokuwa lazima.

Jopo likaja. Mwenyekiti wake alikuwa profesa mstaafu, mzee mrefu aliyepinda kidogo, mpole wa maneno, mwenye viatu vilivyochakaa visigino. Angekuwa mkali, Mama Udongo angejua namna ya kupambana naye. Huyu alimsalimia kila mtu, akauliza hali za familia, akainywa chai aliyopewa bila kukagua bilauri. Walipofika maabara, Bwana Mkakati alitangulia kama bwana harusi.

"Karibuni. Kama mnavyoona, tumewekeza kimkakati."

Mzee aliingia, akasimama. Akavuta pumzi. Hakupiga chafya. Akapitisha kidole juu ya meza, akakitazama kidole, akakifuta kwenye suruali ingawa hakikuwa na kitu. Akatundua chekeche moja, akaligeuza kwenye mwanga, akalirudisha msumarini. Akafungua mfereji wa sinki, akainama kutazama kwenye tundu la maji. Yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye maabara ya udongo anajua kwamba tundu lile huwa limeziba nusu muda wote, na kuna ugomvi wa kudumu na fundi bomba. Maji yalikwenda chini shwaa, bila kizuizi. Fundi bomba naye alikuwa ameletwa mwisho wa juma ule.

"Sampuli zenu mnaziweka wapi?" mzee aliuliza.

"Tumehamia mfumo wa kidijitali," Bwana Mkakati alijibu.

Mjumbe mmoja wa jopo, mwanamke kijana aliyekuwa anaandika, aliinua kichwa. "Udongo wa kidijitali?"

"Takwimu zake, yaani. Takwimu."

Mzee hakubishana. Alimgeukia Mama Udongo, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha, pale pale ilipokuwa rafu ya wanafunzi. "Mama, wewe ndiye mkuu wa idara. Una la kuongeza?"

Mama Udongo alimtupia jicho Bwana Mkakati. "Hapana, profesa."

"Hakuna lolote? Wakati mwingine kuna jambo mtu hupenda tulijue kabla hatujaandika. Hata kama si zuri. Tumeshaona mengi sisi, hatushtuki."

Loo, angetaka nini zaidi? Mtu amekufungulia mlango, amekushikia, anakungoja upite. Bwana Mkakati alikohoa kidogo. Mama Udongo alitazama sakafu mpya.

"Hapana," alisema. "Kila kitu ni kama mnavyokiona."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akatoka. Mchana jopo likaonana na wanafunzi faraghani, bila mwalimu kuwapo. Kiguu alipotoka, Mama Udongo alimdaka kwenye ngazi na kumuuliza imekwendaje. "Nimenyamaza," alijibu Kiguu bila kusimama. "Nimesema uliyotaka niseme."

Siku ya pili wakaitwa viongozi na wahadhiri wote ukumbini kusikiliza matokeo ya awali. Ndio mtindo wa ukaguzi huu: jopo linasoma, chuo kinasikiliza, hakuna kubishana, watu wanapeana mikono na gari linaondoka. Mkuu wa chuo alikaa mbele na tai yake. Bwana Mkakati alikuwa amevaa suti mpya. Mama Udongo alikaa kiti cha pembeni.

Mzee alianza na sifa. Akasifu mapokezi. Akasifu mazingira, hasa bustani ya getini, na Bwana Mkakati akapepesa macho haraka haraka. Akasifu walinzi kwa kuifahamu Dira, na watu wakacheka. Kisha akavaa miwani.

"Kuhusu programu ya sayansi ya udongo," alisoma. "Jopo limekuta maabara safi sana. Hatukukuta hata sampuli moja, ya mwaka huu wala ya miaka iliyopita. Vifaa havina dalili ya kutumika. Tulipowauliza wanafunzi wa mwaka wa mwisho watueleze kazi waliyoifanya kwa mikono yao, walijibu, mmoja baada ya mwingine, kwa sentensi moja ile ile. Jopo linaona kwamba mafunzo ya vitendo katika programu hii hayafanyiki, na yawezekana hayajawahi kufanyika. Tunapendekeza ithibati isiendelezwe. Wanafunzi waliopo wahamishiwe chuo chenye maabara inayofanya kazi, waanze vitendo upya."

Akafunga faili. Halafu Mama Udongo akasimama. Mkuu wa chuo alimwonyesha kwa mkono akae, hakukaa.

"Si kweli," alisema, na ile sauti yake ya siku zote ikarudi, ikagonga ukuta wa nyuma. "Si kweli, profesa! Maabara ile ilikuwa imejaa udongo mpaka darini! Umemwagwa! Umemwagwa getini kwenye hayo maua mliyoyasifu! Wanafunzi wangu wamechimba, wametwanga, wamechekecha, mikono yao imeota sugu! Nimewakaririsha mimi, wao hawana kosa! Twendeni getini nikawaonyeshe, twendeni sasa hivi!"

Wajumbe wa jopo walitazamana. Yule mwanamke kijana alifungua kalamu yake, akaifunga tena. Mzee alivua miwani taratibu, na usoni mwake hakukuwa na hasira hata kidogo, afadhali angekuwa nayo.

"Mama," alisema, "getini nitakuta udongo uliochanganyika na samadi. Nitaandika nini? Kwamba mtu ameniambia?"

"Andika nilivyokwambia!"

"Jana nilisimama na wewe dirishani. Nilikuuliza mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nikakuuliza mara ya pili." Akaikunja miwani mkononi. "Leo nikiandika kwamba ulichoniambia jana ni uongo na cha leo ni kweli, mkutano wa ithibati utaniuliza nimejuaje. Na sijui nimejuaje, mama. Nisamehe."

Wakapeana mikono na mkuu wa chuo. Gari likaondoka. Bwana Mkakati alibaki amekaa, akiikunjakunja karatasi ya ratiba, na Mama Udongo alipopita mbele yake alisema kwa sauti ndogo, "Mimi nilidhani ni takataka, mama. Wallahi nilidhani ni takataka." Akaendelea kutembea. Huyu alikosa kwa kutojua.

Wanafunzi walikuwa wanangoja nje, kwenye kivuli cha jengo, wamekaa chini. Walipomwona wakasimama wote kwa pamoja. Kiguu alitangulia kumfuata, ule mwendo wake wa hatua ndefu, kisha akapunguza alipomwona uso.

"Wamesemaje, mama mdogo?"

Mama Udongo alijaribu kutafuta namna ya kulisema kwa upole, akaikosa. "Wamesema hamjawahi kushika udongo."

Kiguu alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyesikia upuuzi mtupu. Akawageukia wenzake kama anayetaka nao wacheke. Hakuna aliyecheka. Akamrudia mama yake mdogo, macho yameanza kujaa.

"Si ningewaambia mimi," alisema. "Waliniuliza, mama mdogo. Yule mzee aliniuliza nilipita mashamba gani. Nilikuwa nayo yote kichwani, shamba moja moja. Ningewaambia."

"Najua, mwanangu."

"Nikasema maabara ni safi."

Mama Udongo alinyoosha mkono amshike bega, lile lililochubuliwa na mfuko wa udongo. Kiguu alirudi nyuma hatua moja, si kwa hasira, kama mtu aliyechoka tu, akaenda kukaa na wenzake.